Fanksheni ndogo ndogo za sampla tuziweke pamoja, mzee wa ligombo asije akasema tena tumeipiga pasi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu fanksheni, yaani vipande vidogo vya maelekezo ya kompyuta tunavyotengenezea ala, ni jambo ambalo najua wasomaji wengi hawajawahi kulisikia likitajwa ila wanalisikia kila siku redioni bila kujua. Mi ni prodyuza, nina studio ndogo hapa Soweto Mbeya, chumba kimoja na mablanketi ukutani, kazi zangu kubwa ni kwaya na biti za vijana, na kwa miaka kama sita hivi nimekuwa natengeneza ala za sampla. Kwa asiyejua, sampla ni programu ya kompyuta, unaipa sauti ulizorekodi, ngoma ikipigwa, uzi ukidonolewa, mama wa kwaya akiimba "aaa", halafu ukibonyeza kibodi inakutolea sauti ile ile. Hizo marimba na ngoma za asili unazozisikia kwenye nyimbo nyingi siku hizi, mara nyingi hakuna aliyeshika fimbo siku ile ya kurekodi, ni kidole tu kwenye kibodi.

Kilichonifanya niandike ni kijana mmoja wa Uyole. Kaja wiki iliyopita jioni, laptopu mgongoni, macho mekundu, akaniambia bro nisaidie nina wiki mbili silali. Alikuwa amerekodi ngoma ya babu yake vizuri kabisa, kaiweka kwenye sampla, na kwa sababu sampla kubwa kama Kontakt zinakuruhusu uandike skripti yako ndani, yaani maelekezo ya "nota ikibonyezwa fanya hivi", akataka ukigusa kibodi polepole ngoma itoke polepole, ukipiga kwa nguvu itoke kwa nguvu. Nguvu ya kidole kompyuta inaihesabu mpaka 127. Yeye akataka aigeuze iwe asilimia, akaandika nguvu gawanya kwa 127 halafu zidisha kwa 100. Hesabu ya darasa la tano, wala hajakosea. Lakini ngoma yake ikawa bubu, hailii mpaka uitwange kibodi kwa nguvu zote.

Nikamwambia sogea. Tatizo ni kwamba namba za kawaida kwenye ile lugha ya skripti ni namba nzima tu, hazina pointi. Ukigawanya 100 kwa 127 haikupi 0.78, inakupa 0, ile iliyobaki inatupwa. Sasa 0 ukizidisha kwa 100 inabaki 0. Ni 127 peke yake ndo inagawanyika ikatoa 1, ndo maana ililia kwa kipigo cha mwisho tu. Dawa ni kuzidisha kwanza ndo ugawanye, 100 mara 100 ni 10,000, gawanya kwa 127 unapata 78, kwisha kazi. Dakika moja nyingi. Kijana akaguna, akakaa chini, akacheka mpaka akatoa machozi.

Mi sikucheka Mhariri, iliniuma. Kwa sababu kosa lile lile mi mwenyewe lilinikesha siku tatu miaka minne iliyopita, na nina hakika yupo mwingine Iringa au Tukuyu au Songea linamkesha usiku huu ninavyoandika. Kila mtu anaanza mwanzo. Kila mtu anajikwaa kwenye jiwe lile lile, halafu akishavuka analiacha pale pale katikati ya njia.

Fundi seremala hafanyi hivyo. Nenda kwa fundi yeyote pale Mwanjelwa anayetengeneza vitanda, utakuta ukutani ametundika vigezo vya ubao, hiki cha mguu, hiki cha kichwa cha kitanda, alikata mara moja akiwa ametulia na sasa kila kitanda anafuatisha kile kile, na mwanafunzi wake akifika anaonyeshwa ukutani. Kwenye skripti kigezo cha namna hiyo tunaita fanksheni. Unaandika hesabu mara moja, unaipa jina, halafu kila ukiihitaji unaiita kwa jina lake. Ninazozisemea hapa ni zile ndogo kabisa za huduma, mistari mitatu minne, ambazo hazitoi sauti yoyote zenyewe lakini bila hizo sauti haitoki sawa.

Wacha nitoe mfano wa vipimo, maana hapa ndo wengi wanapoteza usiku wao. Kwenye Kontakt ukitaka skripti isubiri kidogo kabla ya kuendelea, namba unayoipa amri ya kusubiri inahesabiwa kwa maikrosekunde, yaani sekunde moja ni 1,000,000. Mi mara ya kwanza niliandika 500 nikijua nimeomba nusu sekunde, kumbe nimeomba nusu ya milisekunde, sikio la binadamu haliwezi kuijua, nikakaa nafikiri programu imeharibika. Ukitaka kupandisha au kushusha sauti ya nota, kipimo ni senti iliyogawanywa mara elfu, kwa hiyo nusu toni moja, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, ambayo ni senti 100, unaiandika 100,000. Mi niliandika 50. Hakuna kilichosogea. Na ukubwa wa sauti hivo hivo, desibeli moja inaandikwa 1000. Vipimo vitatu na vyote sivyo tunavyovitamka midomoni, sisi studio tunasema milisekunde, senti, desibeli. Sasa fanksheni tatu, kila moja mstari mmoja wa kuzidisha, moja inapokea milisekunde, moja senti, moja desibeli, na kuanzia siku ile huhesabu tena sifuri kwa kidole kwenye skrini saa nane usiku. Ni vitu vidogo hivyo.

Ingawa hata kuandika fanksheni yenyewe kuna mtego. Ile ya asili ndani ya Kontakt niliyojifunzia mimi haipokei kitu mkononi, huwezi kuiambia "chukua hii 500 unigeuzie", inabidi 500 uiweke kwanza kwenye kisanduku cha pamoja, yaani mahali skripti inapohifadhi namba, ndo uite fanksheni ije iikute pale, na lazima iwe imeandikwa juu ya mahali unapoiitia, la sivyo inasema haiijui. Wanaotumia SublimeKSP, kihariri cha kuandikia hizi skripti, wanaruka hilo, pale unaandika fanksheni inayopokea thamani vizuri na chenyewe kinaitafsiri. Namwambia kila kijana aanzie hapo, ni bure.

Nije kwenye lile hasa linaloniwasha. Miaka mitatu iliyopita nilienda kijiji kimoja ukitokea Iringa mjini unapita Kalenga, kumrekodi mzee mmoja anayepiga ligombo. Ligombo ni ala ya Wahehe, ubao uliochimbwa kama hori na uzi umepitishwa juu yake mara kadhaa kutoka mwisho hadi mwisho, na kibuyu cha kukuzia sauti. Nikafika na baridi lile la mwezi wa sita, tukasalimiana kamwene kamwene, tukakaa nje nyuma ya nyumba, nikarekodi kila uzi mara tano, taratibu na kwa nguvu, tukisubiri jogoo wa jirani anyamaze. Mzee alikuwa na subira ya ajabu. Nikimwambia rudia anarudia, hakuuliza kwa nini.

Nikarudi Mbeya nikaweka kwenye kompyuta. Uzi mmoja kipimo kikasema hezi 452, yaani unatetemeka mara 452 kwa sekunde. Nota ya A ya kinanda inayokaribiana nao ni hezi 440. Ukipiga hesabu, 452 gawanya kwa 440, chukua logi ya msingi wa 2, zidisha kwa 1200, unapata kama senti 47, yaani karibu nusu ya nusu toni. Ule uzi umekaa katikati kabisa ya vitufe viwili vya kinanda, hauko kwenye kile wala hiki. Na mimi, kwa akili za studio, nikaona "iko fosi", yaani haiko kwenye nota. Nikazichukua sauti zote nikazivuta mpaka zikakaa kwenye kinanda, nikazisevu juu ya zile za mwanzo. Nikajiona mjanja.

Baada ya miezi miwili nikarudi kwa mzee na laptopu na spika nimpigie ala yake. Akasikiliza. Akaomba nirudie. Halafu akasema taratibu tu, "Mwanangu, hii umeipiga pasi." Akachukua ligombo lake akapiga wimbo ule ule, na hapo hapo nikasikia mwenyewe, ile nyuzi ya katikati ndo ilikuwa inabeba huzuni yote ya wimbo, na mimi nimeiondoa nikidhani nasafisha. Sikuwa na faili za mwanzo. Nililala pale siku mbili tukarekodi upya zote, na safari hii nilimlipa kabla ya kuwasha mashine, jambo ambalo nilitakiwa kulifanya toka mara ya kwanza.

Sasa faili zile hazijaguswa mpaka leo. Ukibonyeza kitufe unasikia hezi 452 kama mzee alivyokaza. Lakini kwaya nao wanataka waimbe na kinanda chao, huwezi kuwalazimisha, kwa hiyo nikaweka kitufe cha kuzungusha kwenye skrini, 0 ni mkao wa mzee, 100 ni mkao wa kinanda, katikati ni katikati. Nyuma yake kuna fanksheni moja na jedwali la namba, kila uzi na tofauti yake kwa senti. Nota ikipigwa, fanksheni inachukua tofauti ya uzi ule, mfano 47, inazidisha kwa 1000 iwe kipimo cha sampla, inazidisha kwa namba ya kitufe, halafu ndo inagawanya kwa 100, inaweka alama ya kutoa, inashusha. Kitufe kikiwa 50 inashusha 23,500, yaani senti 23 na nusu. Umeona pale nilipozidisha kwanza? Ni lile lile jiwe la kijana wa Uyole. Ningegawanya kitufe kwa 100 kwanza, mkao wote wa kati ungekufa, lingebaki la mzee au la kinanda basi.

Fanksheni ile ina mistari sita. Na haijali kama ni ligombo, ukibadilisha jedwali inafanya kazi kwa marimba, kwa zeze, kwa filimbi, kwa ala ya kabila lolote kuanzia hapa mpaka Ruvuma. Ndo maana nasema isikae kwenye laptopu yangu peke yangu.

Nimesoma kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi muziki wetu, na mikanda yake ikaja kuwa sehemu ya maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, leo iko Makhanda, zamani Grahamstown, kule Afrika Kusini. Yule alikuwa anatembea na vyuma vya kupimia sauti, anavigonga analinganisha na ala moja moja apate kujua imekazwa vipi, hakudhani kinanda ndo kipimo cha kila kitu. Sisi leo simu ya mkononi inakupa hezi kwa sekunde, na bado tunanyoosha. Tena mkanda unasikilizwa tu, ala ya sampla unaipiga, binti wa miaka 15 anaweza kutunga wimbo mpya kwa mkao wa babu yake. Nafasi kubwa hiyo, tusiichezee.

Kuna nyingine ya ngoma. Ukirekodi kipigo kimoja cha ngoma ukakirudia haraka haraka kinasikika kama bunduki, ta-ta-ta-ta, kwa sababu mkono wa mtu haupigi sawa mara mbili. Kwa hiyo tunarekodi vipigo vitano tunaiambia skripti ichague kwa bahati nasibu. Wengi wanaishia hapo. Shida ni kwamba bahati nasibu haina kumbukumbu, inaweza kuchagua kile kile mara mbili mfululizo, na sikio linakamata. Fanksheni yangu inafanya hivi, inakumbuka kipigo cha mwisho, vinahesabiwa 0 hadi 4, inachukua namba ya bahati kati ya 1 na 4, inajumlisha na ile ya mwisho, inagawanya kwa 5 na kuchukua baki. Ya mwisho ikiwa 3 na bahati ikatoa 3, jumla 6, baki 1, inapiga namba 1. Haiwezi kurudi pale pale ilipotoka, kwa sababu kurudi ingebidi ijumlishe 0 au 5 na zote hazimo. Nilipoiweka kwenye ngoma za Kinyakyusa mpigaji mwenyewe aliniuliza nimerekodi lini zile nyingine.

Na moja ilinifundisha kwa aibu. Kwaya fulani walikuwa wanatumia ala yangu ya sauti za akina mama moja kwa moja ibadani, wamefika kwenye maombi, mpiga kinanda katoa mikono na nota moja ikabaki inalia. Aaaaa. Hainyamazi. Mpaka wakachomoa waya. Kosa lilikuwa langu, skripti ilikuwa inaweka namba ya utambulisho wa nota kwenye kisanduku kimoja ili baadaye kidole kikiachia ijue izime ipi, sasa vidole viwili vikibonyeza pamoja, namba ya pili inafuta ya kwanza, ya kwanza haina wa kuizima tena. Kontakt ina neno la kutangaza kisanduku ambacho kila nota inapata chake, neno lenyewe ni polyphonic, ukiliandika pale yanaisha. Neno moja! Ningekuta mtu ameliandika mahali kwa Kiswahili pamoja na sababu yake, mchungaji wa watu asingesimama vile.

Najua wenzangu watasema prodyuza hagawi siri zake, ndo ugali wake. Sauti ulizorekodi kwa jasho lako uza, mi mwenyewe nauza, mzee wa ligombo ana fungu lake kwenye kila nakala na hilo sitaki mtu aliguse. Lakini kuzidisha kabla ya kugawanya siyo siri ya mtu. Hakuna msanii atakayekukimbia kwa sababu jirani yako naye amejua sekunde moja ni maikrosekunde ngapi. Tunachoficha ni maumivu tu, tunataka mwenzetu ayapitie.

Na wale ambao Kontakt kamili hawaiwezi kwa bei wasijione wametengwa. Ile ya bure, Kontakt Player, ala tunazotengeneza wenyewe mitaani inazifungua kwa dakika 15 za majaribio halafu inasimama. Ila ipo Decent Sampler, bure. Upo mtindo wa SFZ, faili la maandishi matupu unaloandika hata kwenye kihariri cha kawaida, tofauti ya uzi unaiandika kwa senti moja kwa moja, 47 ni 47, na kupokezana vipigo kumo tayari. Ipo HISE, programu huria ya kutengenezea ala, skripti yake inafanana na lugha ya JavaScript ambayo vijana wa vyuo hapa Mbeya wanaijua tayari. Wazo ni lile lile kote. Jedwali la mzee nimeliandika kwa senti za kawaida makusudi, ili lihamie popote.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Una ukurasa wa teknolojia na una ukurasa wa utamaduni, sijui hili litakaa upande gani, lakini hata kisanduku kimoja kwa mwezi, fanksheni moja, mistari yake, na maelezo kwa Kiswahili inafanya nini na iliandikwa baada ya kosa gani. Hilo la kosa nalisisitiza, maana mistari bila sababu kijana anainakili, siku ikigoma hajui aguse wapi. Mi ninazo 14 zimeshaandikwa maelezo, nakupa zote bila malipo, na yule wa Uyole ameahidi kuandika ya 15, ile ya asilimia, kwa maneno yake mwenyewe.

Moja kati ya hizo 14 haijakamilika na naomba anayeweza ajitokeze. Uzi wa ligombo ukidonolewa kwa nguvu unaanza juu kidogo ya mahali pake, halafu unashuka unatulia, kwa sababu ukivutwa sana unakazika zaidi. Mzee anautumia makusudi, kuna sehemu anadonoa kwa hasira ili uzi upande na kushuka kama mtu anayeguna. Faili nililorekodi kwa nguvu linao mguno huo, lililorekodiwa taratibu halina, na kidole cha kibodi kikiwa kati kati ala inaruka kutoka moja kwenda nyingine ghafla, unasikia kabisa mahali ilipokatika. Nataka fanksheni itakayoangalia nguvu ya kidole, ipandishe senti zinazostahili mwanzoni, halafu iteremshe polepole hatua kwa hatua. Nimejaribu na hatua za milisekunde 10 nikaisikia inashuka kwa ngazi, nikajaribu milisekunde 1, nota zikiwa nyingi laptopu yangu ikaanza kukwama. Mwenye mbinu ya katikati, au mwenye kompyuta yenye nguvu ya kujaribia, aniandikie kupitia gazeti hili, faili za mzee ninazo na ameniruhusu zitumike kwa kazi hii.

Wako,
Prodyuza wa kwaya, Soweto, Mbeya